Maziwa ya Mbuzi Kwenye Slaidi za Chura

Wanangu mnaoingia maabara mwaka huu, naanza na penseli. Mkiona kalamu ya wino karibu na sinia la slaidi, itoeni nje ya chumba. Wino unapendeza, lakini slaidi ikipita kwenye spiriti jina linayeyuka, na hapo unabaki na vipande ishirini vya tishu visivyo na mwenyewe. Nayajua haya kwa sababu niliyafanya wiki yangu ya kwanza kazini, na vipande vile vilikuwa vya wagonjwa, watu waliokuja kwa basi kutoka mbali na kukaa kwa ndugu wakisubiri kuambiwa kama uvimbe wao ni wa hatari.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lohay, fundi mkuu wa maabara yetu wakati huo, mtu mfupi, mkimya, mwenye sweta moja la kijani alilovaa hata jua likiwaka. Alitazama sinia, akanitazama mimi, kisha akaanza kugeuza slaidi moja moja. Upande wa nyuma wa kila kioo kulikuwa na namba iliyokwaruzwa kwa kalamu ya kukatia vioo. Alikuwa amezikwaruza zote kabla sijazigusa.

"Kila anayeanza huja na kalamu," alisema. "Nakusubiri tangu Jumatatu."

Akanipa penseli iliyochongwa kwa kisu, akarudi kwenye kazi yake. Hakunisema kwa mganga mkuu wala hakunikumbusha tena. Mpaka leo nimestaafu naandika hata orodha ya sokoni kwa penseli, na wajukuu wananicheka.

Lakini nyinyi mliniomba niwaandikie kuhusu vyura. Najua mliomba kwa kutabasamu, maana jina la Mama Vyura limenifuata mpaka kanisani. Basi nitasema, ila msitegemee niende kwa mpangilio, sijawahi kukumbuka mambo kwa mpangilio.

Miaka mingi nilikata tishu za binadamu. Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa chumba kidogo cha utafiti nyuma ya hospitali moja ya huku kwetu, si mbali sana na Haydom, ambako binti mmoja wa Katesh alikuwa akisomea shahada ya juu kabisa kwa kuchunguza mayai ya chura. Jina lake Rehema. Baba yake ana duka la vitambaa pale Katesh mjini, na nyumbani kwao walitegemea asomee udaktari wa watu, si wa viluwiluwi. Alikuja na begi moja la nguo na masanduku matatu ya chupa. Siku ya kwanza alinipa shikamoo akiwa amekunja goti, kisha akaniuliza kama ninaogopa vyura. Nikamwambia ninachoogopa ni watu wanaoweka kikombe cha chai juu ya friji la dawa, na yeye alikuwa ameshaweka chake. Akacheka, akakitoa. Tulianza kupendana hapo.

Vyura wetu walikuwa wale wa kucha, wanaoishi majini siku zote, na hakuna sabuni inayoteleza mkononi kama wao. Tuliwafuata kwenye madimbwi ya upande wa Masakta mvua za kwanza zilipoanguka, kwa sababu kiangazi jike hana mayai yaliyo tayari hata umchome sindano ya kumtagisha ya namna gani. Tulijaribu. Jike alitutazama tu.

Dimbwi moja lilikuwa la kunyweshea ng'ombe, na mama mmoja wa Kibarabaig aliyeleta mifugo yake pale alisimama akatuangalia tukitumbukiza nyavu. Aliuliza kama tunawala. Nikasema hapana. Aliuliza kama tunawauza. Nikasema hapana.

"Sasa mkiwachukua wote," akasema, "mvua itaitwa na nani?"

Rehema alitaka kumweleza mambo ya kitabuni, nikamkanyaga mguu. Nikamwahidi yule mama kwamba wakishataga tutawarudisha palepale. Tulipowarudisha tulimkuta anatusubiri. Aliwahesabu wote wakiingia majini, akasema mmoja amepungua. Ilikuwa kweli, mmoja alikuwa amejibana chini ya mfuniko wa ndoo. Tangu siku ile nilihesabu kabla ya kuondoka maabara, nanyi hesabuni pia, maana mtu akikuazima mali yake huwa anaijua idadi.

Mzee Lohay alikuwa ameshastaafu, akiishi Dongobesh. Aliposikia nafuga vyura alipanda basi kuja kuniona. Alikaa kwenye stuli akanywa chai, nje ya maabara kama alivyonifundisha, akaniambia kwamba mwalimu wake aliwahi kufanya kazi kwenye hospitali kubwa enzi ambazo chura wa kucha ndiye aliyekuwa kipimo cha mimba. Mkojo wa mama ulichomwa chini ya ngozi ya chura jike, na kesho yake chura akitaga, basi mama ana mimba.

"Sasa fikiria," alisema, "mwanamke anakuja kuuliza majibu, unamwambia subiri kidogo, chura hajasema."

Leo mna kijiti cha karatasi na majibu yanatoka kabla chai haijapoa. Sina ugomvi na kijiti. Juzi nilipowatembelea niliona kompyuta yenu inahesabu seli yenyewe, na mmoja wenu akanipiga picha nimeinamia hadubini, akaituma kwa mwanangu aliye Singida kabla sijainua kichwa. Mambo yanakwenda mbele, nayapenda. Ila kompyuta itahesabu kila kinachong'aa. Haitakuuliza kimeng'aa kwa nini.

Sasa niwaeleze tulichokuwa tunatafuta, nami nitaeleza kama nilivyoelezwa, kwa lugha ya jikoni. Yai la chura likisharutubishwa hugawanyika, moja linakuwa mawili, mawili yanakuwa manne, mpaka linakuwa kibonge kidogo cha seli, cheusi juu na cheupe chini, kinacholingana na punje ya ulezi. Seli za upande wa juu ukizitazama hivihivi zinafanana zote. Lakini baadhi zitakuwa ngozi, na baadhi zitakuwa ubongo na uti wa mgongo. Rehema alitaka kujua ni saa ipi hasa seli inajulikana kwamba ni ya upande gani. Jibu liko kwenye utando wake, ule ukuta laini unaoizunguka. Ikifika saa yake, utando wa seli za ngozi huvaa kitu ambacho utando wa seli za ubongo hauna.

Nilipoelewa nilimwambia, "Kumbe ni kama alama ya moto kwenye ng'ombe. Makundi yamechanganyika malishoni, lakini ukisogea karibu unajua huyu ni wa boma lipi."

Rehema aliyaandika maneno yale kwenye daftari lake, nami nilijisikia mkubwa siku nzima.

Alama hiyo haionekani kwa macho. Kuna watu huko ng'ambo wanaomchanja mbuzi kwa kitu kilekile cha kwenye utando, na damu ya mbuzi inatengeneza kingamwili inayokitambua na kuking'ang'ania. Hiyo ndiyo unaidondosha kwenye slaidi kwanza. Nayo haionekani, kwa hiyo unadondosha kingamwili ya pili, iliyotoka kwa punda na kutiwa rangi inayong'aa, na kazi yake ni moja tu, kumtafuta mbuzi popote alipo. Ukiwasha taa ya hadubini, palipong'aa pana mbuzi, na palipo na mbuzi pana alama. Ila kabla ya yote hayo unaiziba slaidi kwa maji ya damu ya punda, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, ili kingamwili zisijishikize ovyo mahali pasipo pake. Punda wamejaa barabara yote ya kwenda mnadani, na sisi tulikuwa tunaagiza maji ya damu yao yaje kwa ndege. Nilimtania Rehema sana kwa hilo.

Kukata nako kuna mambo yake. Kiinitete, yaani kile kibonge cha seli kinachokua, unakigandisha ndani ya nta, kisha unakata kipande hicho cha nta kwa mashine, tabaka nyembamba sana, zinatoka zimeshikana kama utepe. Mwezi wa saba huku kwetu nta inakuwa ngumu na utepe unapasuka. Usiisogeze kwenye jiko. Ipulizie pumzi ya mdomo polepole, mara mbili, ukate kabla joto halijaondoka. Jua likiwaka nta inalegea, hapo ipumzishe juu ya barafu. Utepe ukitoka, ubebe kwa brashi uulaze juu ya maji ya uvuguvugu, na usiongee. Mzee Lohay alikuwa akisema maneno yana upepo.

Katika kazi ya Rehema kulikuwa na umri mmoja uliobeba kila kitu, zile saa chache ambazo mgongo wa kiinitete unajikunja kuwa mfereji, ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, na mfereji unajifunga. Msimu ule tulifanikiwa kupata vipande vitatu tu vya nta vyenye viinitete vya umri huo, na mvua zilikuwa zimekwisha. Masomo yake yalikuwa yameshaongezewa muda mara mbili. Maprofesa wake walimwambia hakutakuwa na mara ya tatu. Kwa hiyo vipande vile vitatu, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti, ndivyo vilikuwa shahada yake.

Siku za Idi alikwenda Katesh kwa wazazi. Aliniachia nifanye slaidi za kontroo, zile za ushahidi, ambazo hazitiwi kingamwili ya mbuzi na kwa hiyo zinatakiwa kubaki giza tupu. Vile vipande vitatu aliniambia tutavikata pamoja akirudi. Kontroo nilizifanya Jumatatu kwa kutumia viinitete vingine, zikatoka safi. Jioni yake umeme ulikatika, ukarudi Alhamisi. Kingamwili nilizinusuru kwa kuzikimbiza kwenye friji la chanjo linalotumia gesi. Maji ya damu ya punda niliyasahau. Nilipoifungua ile chupa ilikuwa na ukungu, na harufu yake siwezi kuiandika hapa.

Sasa sikieni akili ya mtu mwenye uzoefu. Nilikumbuka kwamba Mzee Lohay, katika kipimo kingine kabisa, aliwahi kuziba kwa maziwa ya unga. Nikajiambia, maziwa ya unga ni maziwa yaliyonyimwa maji, na mimi nyumbani nina mbuzi anayekamuliwa. Nikakamua, nikayaacha yatulie, nikaengua mafuta kwa kijiko, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikayapeleka maabara kwenye chupa iliyooshwa kwa maji ya moto. Nilikata vipande viwili kati ya vile vitatu, nikaziba slaidi zake zote kwa maziwa yale. Sijawahi kufanya kosa kwa usafi kama siku ile.

Simu nilikuwa nayo mfukoni. Kuuliza si ujinga, nimewaambia wanafunzi wangapi maneno hayo. Sikumpigia Rehema kwa sababu nilitaka kumshangaza. Nilitaka arudi akute slaidi zimekamilika, aseme, mama, hii mikono yako haina mfano. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na nilitaka kusifiwa na yule mtoto. Huo ndio ukweli, na si mzuri.

Alirudi Jumatatu na kopo la visheti. Aliposikia nimekata bila yeye, uso ulibadilika, lakini alikaa kwenye hadubini kabla hajanisema. Alikaa muda mrefu. Ngozi iling'aa. Mgongo uling'aa. Mfereji uling'aa, ndani na nje, kila utando wa kila seli.

"Mama," alisema taratibu, "ipo kila mahali. Alama ipo kwenye ubongo pia. Watu wote wanasema ni ya ngozi peke yake."

"Labda uchafu?"

"Nimetazama kontroo zako. Ni giza kabisa. Kama ingekuwa uchafu zingeng'aa na zenyewe." Akageuka, macho yamejaa. "Ni kweli, mama. Tumepata kitu."

Akanikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Nami nilifurahi, wanangu. Siku ile nilikuwa sidanganyi.

Asubuhi ya Jumanne nilikuwa nimechuchumaa nakamua, mkono ukasimama wenyewe. Kazi ya kingamwili ya pili ni kumtafuta mbuzi popote alipo. Maziwa nayo yana kingamwili za mnyama aliyeyatoa, ndizo zinazomlinda mtoto anyonyaye, hata mama wa kliniki analijua hilo. Punda alimkuta mbuzi kila mahali kwa sababu mimi ndiye niliyemmwaga mbuzi kila mahali. Kontroo zilikuwa giza kwa sababu zilizibwa kwa chupa nzuri kabla umeme haujakatika. Hapakuwa na ugunduzi wowote. Kulikuwa na maziwa yangu tu, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua isipokuwa mimi. Mbuzi akageuza kichwa kuona kwa nini nimeacha.

Nilikwenda kazini na maneno mdomoni nikarudi nayo. Jumatano vilevile. Rehema alikuwa anaandika haraka haraka, anaimba kidogo kidogo, ameshawatumia maprofesa wake barua pepe. Kila nilipotaka kufungua mdomo alisema jambo la furaha nami nikaufunga. Nikaanza kujidanganya kwamba labda maziwa hayakuhusika. Mficha uchi hazai, msemo huo niliujua vizuri na nilipenda kuwaambia wengine. Sikuogopa kufukuzwa, nilikuwa karibu na mlango wa kutokea. Niliogopa kuuona uso wake ukijua.

Alhamisi baba yake alikuja. Kulikuwa na ndugu yao amelazwa wodini, naye akapitia maabara kumwona binti yake. Mzee mrefu, kofia nyeupe, sauti ya chini. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Rehema alimkalisha kwenye stuli yangu, akamwonyesha pa kuweka jicho. Mzee akafunika jicho moja kwa kiganja, akatazama.

"Mashallah," alisema. "Huyu ni chura?"

"Ni chura kabla hajawa chura, baba."

Alitazama tena. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, huyu binti mjini walimwambia vyura si elimu. Hata mimi nilimwambia. Leo nimeona kwa jicho langu. Umemshika mkono mwanangu, Mungu akulipe." Akaomba dua fupi palepale, viganja vimeelekea juu, mbele ya hadubini ile. Akatoa kitenge cha bluu kwenye mfuko, akaniwekea mapajani.

Sikuweza kukishika. Kiliteleza mpaka sakafuni, na mzee wa watu akainama kukiokota.

Alipokwenda wodini nilifunga mlango.

"Rehema, zile slaidi sikuziziba kwa maji ya punda. Chupa iliharibika umeme ulipokatika. Nilitumia maziwa ya mbuzi wangu."

Mwanzoni hakuelewa. Kisha nikaona ameelewa, maana alishika ukingo wa meza.

"Umejua lini?"

"Jumanne asubuhi."

"Leo Alhamisi, mama."

"Najua."

"Nimeshawaandikia. Baba ameomba dua hapa."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite mwanangu," alisema, akatoka.

Nilikusanya chupa tupu, nikaziosha, nikaziosha tena. Kesho yake aliingia asubuhi, akanipita, akakaa kwenye meza yake. Hakunisalimia. Nyinyi wa huku mnajua uzito wa jambo hilo. Mtu anaweza kugombana na mkubwa wake usiku kucha na bado asubuhi shikamoo ikatoka, hata kwa meno yaliyobanwa. Wiki tatu tulifanya kazi kwenye chumba cha hatua sita, tukiambiana "nipe ile" na "weka hapo", na sikuitikia marahaba hata mara moja. Nilistahili. Lakini kustahili hakupunguzi maumivu, na nilikuwa nikitoka nje kwenda kwenye matangi ya vyura nikalia kidogo, nikaosha uso, nikarudi.

Aliwaandikia maprofesa upya, akafuta yote aliyokuwa ameyasema. Walimjibu kwa ufupi kwamba wanasubiri slaidi sahihi kabla ya mwezi kwisha. Mwenyewe hakuniambia, aliacha barua wazi kwenye kompyuta nikaisoma nikifuta vumbi. Maji mapya ya damu ya punda yalikuja na basi kutoka Arusha ndani ya boksi la barafu. Nilikwenda kulipokea stendi mwenyewe, nikalipakata njia nzima kurudi, na abiria mmoja akaniuliza kama nimebeba dawa ya mtu mahututi. Nikamjibu ndiyo.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha nta. Siku ya kukikata nilipasha maji, nikapanga brashi, nikafunga kisu kipya kwenye mashine, kisha nikasimama karibu na mlango. Rehema alijua kukata, nilimfundisha mwenyewe. Alikaa, akashika gurudumu la mashine, akabaki hivyo bila kulizungusha. Kisha akainuka.

"Kata wewe, mama," alisema bila kunitazama. "Mkono wangu bado una hasira."

"Wangu una hofu."

"Hofu itakufanya ukate polepole. Kata."

Nilikaa. Ilikuwa asubuhi ya baridi, nta imekaza. Nikaipulizia pumzi mara mbili, nikazungusha gurudumu. Utepe wa kwanza ulitoka mzima. Wa pili pia. Nilihisi Rehema amesimama nyuma yangu, ameshikilia pumzi yake ili asipeperushe kitu. Hatukusema neno mpaka utepe wa mwisho ulipolala juu ya maji umenyooka. Kisha nilishika penseli, nikaandika namba kwenye kila kioo, naye akazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine kuhakikisha. Safari hii kontroo tulizitoa kwenye nta ileile, tukaziziba siku ileile, kwa chupa ileile. Andikeni hilo mahali mlione kila siku. Kontroo isiyopitia njia moja na wenzake ni shahidi ambaye hakuwepo.

Siku ya pili yake tuliwasha taa. Rehema aliweka jicho. Mimi nilikuwa natazama mabega yake, maana ndiyo niliyoweza kuyaona.

"Ngozi inang'aa," alisema. "Mstari mwembamba, seli kwa seli." Akasogeza slaidi kidogo. "Unafika ukingoni mwa mfereji." Akarekebisha lenzi. "Unakatika. Ndani ni giza, mama. Pale patakapokuwa ubongo ni giza tupu."

Lilikuwa jambo lilelile watu wengine walilosema, ila yeye sasa aliweza kuonyesha saa ambayo mstari ule unaanza kukatika kwa chura wa madimbwi yetu, na hilo lilimtosha. Alibaki ameinama muda mrefu, kisha akasema, jicho likiwa bado kwenye hadubini, "Shikamoo."

Nikasema marahaba. Akasogea, akanipa nafasi nitazame.

Ukurasa wa daftari la maabara wa siku zile za Idi niliujaza kwa mkono wangu: kilichotumika kuzibia, maziwa ya mbuzi, wa nyumbani, hayakuchemshwa. Rehema alipoandika kitabu cha shahada yake aliomba auweke ukurasa ule ndani, pamoja na zile picha zinazong'aa kila mahali, ili wengine wajue. Aliniomba ruhusa kwanza. Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Nilifikiria watu wenye elimu yao wakisoma habari za mbuzi wangu na kucheka. Mwishoni nikamwambia weka.

Siku aliyosimama mbele ya maprofesa nilikuwa nimeshastaafu, nachambua maharage nyumbani. Alinipigia mchana, sauti imechoka. Akasema wamempitisha. Akasema kulikuwa na swali moja gumu, profesa mmoja mzee alimwuliza tutajuaje kwamba huu mng'ao wa pili ni wa kweli, kama ule wa kwanza ulikudanganya.

"Ukajibu nini?"

"Nikamwambia fundi aliyekata slaidi za pili ndiye aliyeharibu za kwanza, na ndiye aliyekuja kuniambia, wakati hapakuwa na mtu ambaye angeweza kumjua. Nikataja jina lako, mama."

Nikamwuliza kama walicheka.

"Hawakucheka," alisema. "Waliandika."